Hongereni, Mafundi wa Kalafati

Jahazi likitia nanga salama Kilindoni, kisiwani Mafia, sifa humwendea nahodha. Wapo wengine wanaostahili: mafundi wa Mafia, hasa wa visiwa vya Chole na Jibondo, ambako vyombo vya mbao bado huundwa na kukarabatiwa ufukweni.

Kazi yao ya kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo kwa pamba, haina njia ya mkato. Chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua. Fundi huchokonoa pamba iliyooza, hukwangua mwanya mpaka mbao zionekane safi, kisha husokota pamba mpya iliyolowa mafuta na kuishindilia kwa tindo na nyundo. Ikilegea, maji yatapenya. Ikizidi kukazwa, mbao zitaachana. Lazima ikae kwa kiasi, kwa kuwa mbao zikirudi baharini hufura na kuibana zenyewe. Sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Fundi gari anayebadilisha raba za milango ya Land Rover kuukuu anaijua kanuni hiyo: ondoa ya zamani yote, safisha, bana bila kuvuta. Ila yeye akikosea, abiria hulowa. Wa kalafati akikosea, watu huzama.

Hongereni, basi, wazee mnaoufundisha mkono wa kijana kabla ya kumkabidhi mkuku mzima. Nanyi wenye vyombo, pongezi bila ujira ni maneno matupu: mlipeni fundi kabla chombo hakijashushwa majini.