Mvurumisha-Mikate wa Bexhill

Mwalimu mwenzetu alituuliza kama yafaa kuwasikilizisha wanafunzi wa madarasa ya juu michezo ya kuchekesha ya redio ya Kiingereza, ama ni kupoteza saa za shule. Swali hili si dogo. Mtu aweza kujua sarufi yote ya lugha ya kigeni, akaisoma na kuiandika bila kosa, wala asijue wenyewe wacheka nini. Basi tulichagua mchezo mmoja, tukausikiliza mara tatu hapa Ujiji, na mara ya tatu tuliwaalika wanafunzi pamoja na wazee wachache wa Kibirizi, wavuvi wa tangu zamani. Tuliyoyaona ndiyo haya.

Mchezo huo ni mmoja wa mfululizo ulioitwa The Goon Show, uliotangazwa na BBC tangu 1951 hata 1960. Ulitangazwa tarehe 12 Oktoba 1954, na mwandishi wake ni Spike Milligan. Jina lake, The Dreaded Batter Pudding Hurler, lilitutaabisha. Chakula kinachotajwa ni rojo ya unga wa ngano, mayai na maziwa, humiminwa katika chombo na kuokwa. Mwanafunzi mmoja alitafsiri “keki”, nasi tukamkatalia, kwa kuwa keki ni kitu cha sikukuu, na hiki ni chakula cha kawaida mezani. Jirani yake wa karibu ni mkate wa kumimina wa watu wa pwani, ingawa ule ni wa mchele. Wazee walielewa mara moja. Hivyo mhalifu wetu akawa Mvurumisha-Mikate.

Hadithi ni hii. Mwaka 1941, katika mji wa Bexhill ulio pwani ya kusini ya Uingereza, ikongwe kimoja cha kike, Minnie Bannister, chatembea usiku na mzee Henry Crun. Ni wakati wa vita, taa zote zimezimwa kwa amri. Ghafula mkate wavurumishwa kutoka gizani, wampiga bibi. Mpelelezi Neddie Seagoon aitwa, na msako wake wavuka bahari hata Afrika ya Kaskazini, mpaka yeye na mtuhumiwa, Moriarty, wajikuta ndani ya mashua katikati ya bahari, hawana kitu ila mkate mmoja uliopoa.

Giza lile ndilo ufundi wa kwanza wa mwandishi. Watu wa mchezo hawaoni, na msikilizaji naye haoni. Wote wapapasa pamoja. Crun awasha kiberiti akidhani hakuna atakayekiona, na papo hapo mizinga ya adui yanguruma. Katika jukwaa jambo hili lingehitaji moshi na mbao nyingi. Katika redio lahitaji sauti ya kijiti na sauti ya mzinga tu. Nao wazee wale wawili hawaachi adabu zao hata makombora yakianguka. Sisi wa Ujiji twaijua namna hii ya kicheko, kwa sababu salamu ya Stanley kwa Livingstone hapa kwetu mwaka 1871 imewachekesha Waingereza hata leo kwa sababu iyo hiyo, yaani adabu ya sebuleni iliyoletwa mahali pasipo sebule.

Tena Minnie si mwanamke. Sauti yake ni ya Milligan mwenyewe, ambaye ndiye Moriarty pia. Crun ni Peter Sellers, na Seagoon ni Harry Secombe. Wanafunzi walistaajabu, lakini bibi zao hufanya vivyo hivyo jioni, fisi kwa sauti hii na sungura kwa sauti ile, wala hakuna mtoto aulizaye fisi yuko wapi.

Hata hivyo palikuwa na jambo lililowachukiza wazee wetu. Kutupa chakula! Mmoja alisema kwamba mtu atupaye ugali hachekwi, huombewa. Tulikaribia kukubali kwamba mchezo umeshindwa hapo, lakini ukifikiri sana waona kwamba mwandishi aliijua chuki ile na kuitumia. Uingereza chakula kiligawiwa kwa kipimo tangu 1940, na kipimo cha mwisho, cha nyama, kiliondolewa tarehe 4 Julai 1954, miezi mitatu tu kabla ya mchezo huu. Waliousikiliza walikuwa watu waliohesabu mayai. Mtu aliyetupa mayai, maziwa na unga katika mwaka 1941 alikuwa mwenda wazimu kwao kama kwa mzee wetu. Na Milligan hakubuni njia ile ya safari: alikuwa mpiga mizinga, kikosi chake kilikaa Bexhill, na mwaka 1943 akapelekwa Algeria.

Hatusemi kwamba mchezo hauna dosari. Katikati waenda ovyo. Kelele zafuatana na kelele, na mara ya tatu tulichoka. Kipindi cha Pwagu na Pwaguzi cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilijua zaidi kusimama juu ya jambo moja. Jina lake tu, lililotolewa katika methali ya mjanja apataye mjanja kumshinda, lilikwisha kumwambia msikilizaji atazame wapi. Milligan hutazama kila mahali.

Lakini mwisho wake! Mkate ndio ushahidi. Seagoon akiula, ataishi na kesi itakufa. Asipoula, haki itasimama naye atakufa njaa. Hapo mtangazaji awageukia wasikilizaji na kuwaachia shauri waamue wao, na wale wapendao mwisho wa furaha awatukana kidogo, kisha awapa posa ya upesi isiyohusu lolote, ambayo mposwaji wake ni mwanajeshi mwanamume.

Wanafunzi walicheka posa. Wazee hawakuisikia, kwa kuwa walikwisha kuanza baraza. Wa kwanza aliuliza, mashahidi wangapi mle mashuani? Alipoambiwa kwamba ni askari na mshitakiwa tu, alisema, “Mshitakiwa akiula, ameficha hatia yake tumboni, askari akiula, yeye ndiye mwizi.” Wa pili, ambaye aliwahi kupotezwa na upepo ziwani siku mbili, alimkatalia. Alisema wakate nusu kwa nusu, na wakifika nchi kavu kesi isisemwe tena, kwa maana hawezi kumfunga mtu aliyekula naye majini. Mwanafunzi mmoja akauliza, na yule bibi aliyepigwa je, atalipwa na nani? Kengele ya magharibi ililia wangali wakibishana, na mzee wa kwanza alitaka mchezo urudiwe toka mwanzo ili asikie kama bibi aliumizwa kweli, au alichafuliwa nguo tu.