Duara, Mapigo na Uamuzi wa Mwili

Gerezani mwanamke huhesabiwa, hupekuliwa, huambiwa asimame wapi na alale saa ngapi. Kwa aliyeingia humo akiwa tayari amepigwa au kubakwa, na walio hivyo ni wengi, amri hizo hutonesha kidonda: tena kuna mwingine mwenye kauli juu ya mwili wake. Mpango wa dansi magerezani uitwao Dance to Be Free, ulioanzishwa na Lucy Wallace huko Colorado, Marekani, mwaka 2015, nautazama kutokea hapo. Wengi huusifu kwa furaha unayoleta. Naona dawa yake hasa ni uamuzi ambao mfungwa anarudishiwa, hata ukiwa wa kuinua bega tu.

Mbinu ya kutibu kwa dansi ina ukoo. Marian Chace, aliyeanza kuwachezesha wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942, aliwaweka kwenye duara, akauangalia mwendo wa kila mmoja na kuuitikia kwa mwili wake mwenyewe. Tuseme mwanamke amejikunyata, anatikisa vidole tu. Mkufunzi hamhimizi achangamke. Naye anatikisa vidole, jirani anadakia, mara duara zima linatikisa. Kidogo alichotoa kimepokewa bila kusahihishwa. Ndiyo maana haifai kumgusa mtu bila idhini wala kumlazimisha afumbe macho, na anayetaka kukaa pembeni aachwe akae. Wallace aliongeza jambo ninaloliona zito kuliko uteuzi wa muziki: kuwafunza wafungwa wenyewe kuongoza darasa. Aliyezoea kupokea amri sasa ndiye anayehesabu mapigo, na wenzake wanamfuata kwa hiari yao.

Wanaodai ushahidi wana haki. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu tiba ya dansi kwa wenye sonona yalipata majaribio 3 tu, yenye washiriki 147, yasiyotosha kukata shauri. Ushahidi wa jirani unatoka kwenye yoga: mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 64 wenye kiwewe sugu. Baada ya wiki 10, 16 kati ya 31 waliofanya yoga hawakutimiza tena vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya 6 kati ya 29 waliopewa elimu ya afya. Yoga si dansi, lakini zote humfundisha mtu kuusikiliza mwili wake na kuchagua la kuufanyia. Wengine huuliza kwa nini aliyemdhuru mtu achezeshwe muziki. Mahakama ilimhukumu kunyimwa uhuru, haikumhukumu kubaki na kiwewe. Na anayeshtuka kila mlango unapogongwa hawezi kutulia akatafakari alichomtendea mwenzake.

Pingamizi linalonielemea ni jingine: saa moja ya dansi inaweza kubomolewa na dakika mbili za kuvuliwa nguo mlangoni. Kanuni za Bangkok, za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010, zinataka wanawake wapekuliwe na askari wa kike waliofunzwa, na zitafutwe njia nyingine badala ya kumvua mtu nguo. Gereza linaloalika mkufunzi wa dansi lianzie hapo, kwa anayepekua na anachomwambia mwanamke kabla mkono haujamfikia.