Dole Liligoma, Goti Likalipa

Mwamba wa Fischer's Tower hauna lawama. Kijana aliyeumia goti kwenye ile video alipanda theluthi mbili za njia vizuri, vyuma vyake vilikaa, na mshika kamba hakusinzia. Hayo yanatosha.

Tuje pale chini ya tumbo la mwamba. Mkono wa kushoto uko kwenye ufa, kishikio kinachofuata kiko juu kulia, shubiri mbili hivi. Akaamua kulizungusha goti la kulia kwa ndani apate urefu. Sawa. Lakini unyayo alikwisha kuukita bapa, kisigino kimelala kwenye kidato, uzito wote juu yake. Unyayo ukagoma kuzunguka. Nyonga nayo ikabaki imeukodolea ukuta. Katikati yao kuna goti, nalo limeumbwa hasa kukunja na kukunjua kama bawaba. Kano ya upande wa ndani ndiyo iliyopokea deni. Nyinyi mlioitazama ile video mlisikia mlio. Mimi nilikuwa nalitazama dole gumba, halikusogea hata unywele.

Anayejua hugeuza ncha ya kiatu kwanza, mguu ungali mwepesi. Nyonga ikaja ubavu kwa ukuta, goti likafuata, uzito ukawa wa mwisho. Goti likichoma kwa ndani, unaachia. Kamba ni ya kazi gani? Yeye akavuta zaidi, maana mikono anayo. Nimeandika humu mpaka wino umekauka: kumbi zetu za mazoezi zinahesabu kujivuta kwenye chuma, miguu ikaachwa ijifunze yenyewe. Na viatu vile! Saizi mbili chini, vidole vimekunjwa kama ngumi. Mguu unaolia utazungukaje?

Mpandaji Lynn Hill alipoipanda njia ya The Nose kule Yosemite mwaka 1993 kwa mikono na miguu yake tu, kamba ikiwa ya kumdaka akianguka, ile kona iliyowashinda wanaume hakuimaliza kwa misuli. Aliusukuma mwamba huku na huku kwa nyayo na viganja, akageuka mwili mzima, kidogo kidogo. Mwaka uliofuata akairudia njia nzima ndani ya saa 24. Urefu wake ni kama mita 1.57.

Kijana wetu anampita kwa kichwa kizima. Kishikio kile angekifikia kwa kupandisha mguu wa kushoto hatua moja, kwenye kijiukingo kilichokuwa palepale, kimeng'aa kwa raba za waliomtangulia.