Gololi za Usukani

Fundi hodari wa pikipiki hapa Bariadi huujua ugonjwa kabla mteja hajazima injini. Anatazama mikono. Dereva anayeushika usukani kama anayemzuia beberu mnadani, pikipiki yake inacheza mbele.

Fundi ninayemsifu ana kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo Lamadi. Kwanza salamu: mwangaluka, baba, habari za nyumbani, za mvua, za pamba. Kisha swali moja: "Inatikisa mikono tu, au inayumba na wewe mwili mzima?" Mwaka 1971 mhandisi mmoja Mwingereza, Robin Sharp, alichapisha hesabu ndefu zilizotenganisha mitikisiko hiyo miwili, ule wa haraka wa usukani na ule wa taratibu wa pikipiki nzima. Mzee huyu aliitenganisha kwa kuwasikiliza madereva.

Kwenye njia za vumbi za Itilima na Meatu ugonjwa huu hujificha, maana huko kila kitu kinatikisika. Lami ndiyo huuanika. Unaachia mafuta ukikaribia tuta, mwendo unashuka kutoka kilomita 60 kuelekea 40 kwa saa, na usukani unaanza kutetemeka kushoto na kulia. Ukiukamata unatulia. Ukiulegeza unarudi.

Mzee huanza na vya bure. Anabonyeza tairi kujua upepo. Anapitisha kiganja juu yake kwenda na kurudi, kwa kuwa tairi lililoliwa vibaya huteleza ukienda na kukwaruza ukirudi. Anagonga spoku moja moja kwa spana, na iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Anatazama keria: gunia likining'inia nyuma mno, gurudumu la mbele hupoteza uzito, na hata pikipiki nzima itacheza. Wapo waliorudishwa nyumbani na agizo la kusogeza mzigo mbele, hawakulipa hata senti.

Hapo tu ndipo anapoinua injini juu ya kreti ya soda, gurudumu la mbele likae hewani. Anashika miguu ya shokapu chini, anavuta na kusukuma. Ikigonga, nati ya shingo ya usukani imelegea. Kisha anausukuma usukani kwa kidole kimoja, na hapa hapendi kusemeshwa. Usukani mzima huanguka wenyewe upande wowote. Mbovu hukwama katikati kabisa, pale unapokaa siku nzima pikipiki ikienda moja kwa moja, kwa sababu ni hapo gololi zilipopigwa na mashimo ya barabara hadi zikachimba vishimo kwenye vikombe vyake. Nimekiona kidole hicho kikisita mahali ambapo mimi, nilipojaribu, sikuhisi chochote.

Kuweka vikombe vipya wengi wanaweza. Kazi ni kukaza. Nati ikilegea, mbele kunacheza. Ikikazwa kupita kiasi, dereva anashindwa kuusahihisha usukani kidogo kidogo, na pikipiki inapepesuka katika mwendo wa mtu anayetembea. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi finyu sana, labda sehemu ndogo ya mzunguko mmoja wa spana, nayo hutafutwa kwa kidole kilekile.

Mkono huo ulifunzwa na baiskeli. Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, kabla hata ya kanuni za 2010 zilizoitambua bodaboda kuwa usafiri wa abiria, Usukuma ulikwenda kwa Phoenix na Swala, na shingo ya baiskeli nayo ni vikombe na gololi. Mwanafunzi aliosha gololi kwa mafuta ya taa, akazihesabu mbele ya mwalimu wake, akazipanga kwenye grisi. Iliyopotea mchangani ilitafutwa hadi ionekane.

Siku hizi gololi ikipotea wanafunga bila hiyo. Kikombe cha zamani kinang'olewa kwa tindo, kipya kinapigiliwa upande upande. Pikipiki zinaoshwa kwa mashine ya presha iliyoelekezwa shingoni, maji yanaingia, grisi inatoka, kutu inabaki. Na ufundi wenyewe umehamia dukani: tairi jipya kwanza, likishindwa bolresi, yaani vikombe na gololi zake, ikishindwa shokapu, mpaka kwa bahati kitu kilichobadilishwa kiwe ndicho kilichokuwa kibovu. Sitaki kuwalaumu vijana peke yao. Mwenye mkataba ana hesabu ya bosi kila jioni, na saa anayokaa kwenye benchi ni abiria waliopanda ya mwingine.

Lakini vikombe vipya hujikalia vizuri baada ya siku chache za kazi, na nati hulegea. Mzee huwaambia wote warudi aikaze tena, bure, dakika kumi tu. Wengi hawarudi. Huja baada ya miezi, tairi la mbele limeliwa upande, wakidai aliwauzia bolresi feki.