Gombo, Kisu na Moto: Wakuu wa Yuda Kati ya Nabii na Mfalme katika Yeremia 36

Sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia huhubiriwa mara nyingi kama habari ya watu wawili: nabii aliyetii na mfalme aliyekataa. Usomaji huo si wa uongo, lakini ni mwembamba. Unaruka zaidi ya theluthi ya sura, yaani mistari ihusuyo waandishi na wakuu wa Yuda waliolipokea gombo kabla halijamfikia mfalme. Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba msimulizi aliwaweka watu hao katikati kwa makusudi, na kwamba sisi watumishi wa Kanisa tukiwapita, tunajitwalia katika habari hii nafasi ambayo mara nyingi si yetu.

Nyakati za gombo

Yosia aliuawa na Farao Neko huko Megido mwaka 609 K.K. Watu wa nchi wakamtawaza mwanawe Yehoahazi, lakini baada ya miezi mitatu Neko alimwondoa, akamweka nduguye Eliakimu, akambadili jina kuwa Yehoyakimu, na kuitoza nchi talanta 100 za fedha na talanta moja ya dhahabu. Basi Yehoyakimu alikikalia kiti cha Daudi kwa hisani ya Misri. Mwaka 605 K.K. Nebukadreza aliwashinda Wamisri huko Karkemishi. Mwaka huo, ambao ni wa nne wa Yehoyakimu, Yeremia aliamriwa kuyaandika maneno yote aliyopewa tangu siku za Yosia. Baruku mwana wa Neria aliyaandika kwa kufuata kinywa cha nabii.

Gombo lilisomwa hadharani mwaka wa tano, mwezi wa tisa, siku ya kufunga. Kumbukumbu za Babeli zaeleza kwamba katika mwezi wa tisa wa mwaka 604 K.K. jeshi la Nebukadreza liliuteka Ashkeloni, mji wa Wafilisti ulio pwani, na wataalamu wengi wanauhusisha mfungo ule na habari hizo. Kwa hiyo gombo halikusomwa katika siku za raha. Kila aliyelisikia aliweza kutambua kwamba adui aliyetajwa ndani yake alikuwa ameshakaribia.

Baba na mwana

Wafafanuzi wameona tangu zamani kwamba sura hii imesimuliwa sambamba na 2 Wafalme 22. Katika mwaka wa 18 wa Yosia, yaani 622 K.K., kitabu kilipatikana hekaluni. Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme, naye mfalme akayararua mavazi yake. Sasa kitabu kingine kinasomwa mbele ya mwana wa mfalme yule. Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja, qara, katika habari zote mbili. Yosia alirarua mavazi. Yehoyakimu alirarua gombo, na mara baada ya hapo msimulizi anasema kwamba yeye na watumishi wake hawakurarua mavazi yao. Katika Kiswahili hatusemi kwamba mtu amerarua kitu kwa kisu, twasema amekikata. Hivyo msikilizaji wetu hawezi kuusikia mwangwi huo, na ni kazi ya mhubiri kumfungulia masikio.

Kisu chenyewe ni kisu cha mwandishi, chombo cha kutengenezea vitabu. Yehudi anasoma safu tatu au nne, mfalme anazikata na kuzitupa katika moto uliowashwa mbele yake, kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi, naye alikuwa ameketi katika nyumba yake ya kipupwe. Hakuna hasira katika maelezo hayo. Mfalme analisikiliza gombo lote mpaka mwisho, na analiteketeza lote mpaka mwisho. Katika tukio hilo msimulizi hampi hata neno moja la kusema. Maneno yake tunayasikia baadaye tu, Bwana anapoyataja katika hukumu, na hukumu hiyo inamrudia kwa namna ya dhambi yake: aliyeota moto huku akilichoma Neno, maiti yake itatupwa nje kwenye hari ya mchana na baridi ya usiku.

Watu wa katikati

Hata hivyo, ulinganisho wa baba na mwana haumalizi maana ya sura. Tuangalie majina. Baruku alilisoma gombo katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Mikaya mwana wa Gemaria ndiye aliyewapelekea wakuu habari. Miongoni mwa wakuu hao alikuwapo Elnathani mwana wa Akbori, na Akbori alikuwa mmoja wa wajumbe ambao Yosia aliwatuma kwa nabii Hulda. Kwa hiyo waliolipokea gombo ni wana na wajukuu wa watu walewale waliokipokea kitabu cha siku za Yosia. Uaminifu ulikuwa mapokeo ya nyumba hizo. Swali ni kama mapokeo hayo yangeistahimili siku ile.

Waliposikia, walitazamana kwa hofu. Hapa pia msimulizi amechagua neno lake: wakuu waliogopa, pahad, mfalme na watumishi wake hawakuogopa, na kitenzi ni kilekile. Kisha wakafanya mambo manne. Walimwuliza Baruku jinsi alivyoyaandika maneno yale, wapate hakika. Walimwambia ajifiche pamoja na Yeremia, mtu yeyote asijue walipo. Waliliweka gombo katika chumba cha Elishama mwandishi kabla ya kwenda kwa mfalme. Na moto ulipowaka, watatu kati yao, yaani Elnathani, Delaya na Gemaria, walimsihi mfalme asilichome, naye hakuwasikia.

Je, hao ni mashujaa? Msimulizi hatuambii hivyo. Sura ya 26 imekwisha kutueleza kwamba nabii Uria alipokimbilia Misri, aliyetumwa kumrudisha ili auawe alikuwa Elnathani mwana wa Akbori, huyu huyu. Katika sura hiyo hiyo Ahikamu mwana wa Shafani alimlinda Yeremia asitiwe mikononi mwa watu. Basi katika baraza moja alikuwako mtu aliyemwokoa nabii na mtu aliyemleta nabii mwingine kwenye upanga. Na yule wa pili ndiye anayesimama baadaye kulitetea gombo. Maandiko hayaisawazishi tofauti hiyo. Yanaturuhusu kuona kwamba mtumishi wa mfalme aweza kuwa mtiifu kwa uovu leo na kesho akapata ujasiri, na kwamba ujasiri wa kesho haumfufui Uria.

Vilevile tusiyadharau yale waliyofanikiwa. Mfalme alipoagiza Baruku na Yeremia wakamatwe, msimulizi anasema kwamba Bwana aliwaficha. Lakini tumekwisha kusoma ni nani waliowashauri wajifiche. Msimulizi haoni mgongano kati ya kauli hizo mbili: shauri la wakuu wenye hofu ndilo lililokuwa mkono wa Bwana. Kutokana na maficho hayo likatoka gombo la pili, lenye maneno ya kwanza na mengine mengi yaliyoongezwa.

Akiolojia nayo imetupatia ushuhuda mdogo. Mwaka 1982, katika uchimbaji ulioongozwa na Yigal Shiloh katika Mji wa Daudi, yalipatikana madonge 51 ya udongo yenye alama za mihuri, na moja lilikuwa na jina la Gemaria mwana wa Shafani. Barua zilizofungwa kwa madonge hayo ziliteketea Yerusalemu ulipochomwa na Wababeli, lakini moto uleule uliuimarisha udongo na kuyahifadhi majina. Yafaa kuongeza onyo: madonge yenye jina la Baruku, yaliyotoka katika soko la vitu vya kale, yalihukumiwa kuwa ya kughushi katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014. Mhubiri asiyatumie kama ushahidi.

Nafasi yetu

Ni rahisi kuihubiri sura hii tukiwa tumesimama mahali pa Yeremia. Lakini walio wengi kati yetu hatuishi mafichoni. Twatunza ofisi, twaandika kumbukumbu za vikao, twaketi barazani pamoja na wenye mamlaka wa Kanisa na wa dola. Chumba chetu ni kile cha Elishama. Huko ndiko tunakoamua kama neno zito litawafikia wakuu au litabaki kabatini, kama msemaji wake ataonywa mapema au atakabidhiwa, na kama tutafungua kinywa kisu kinapoanza kazi yake. Nyumba ya Shafani ililipa gharama hiyo kwa vizazi: Gedalia mwana wa Ahikamu, aliyekabidhiwa Yeremia baada ya mji kuanguka, aliuawa huko Mispa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwanafunzi anayeandaa mahubiri juu ya Yeremia 36 asome kwanza 2 Wafalme 22 na Yeremia 26, na aorodheshe majina ya wakuu pamoja na baba zao. Kisha ajiulize, kabla ya kumhukumu Yehoyakimu, ni lipi kati ya majina hayo ambalo matendo yake mwenyewe yanamstahilisha kuitwa.