Sifa za Mwalimu wa Wodini

Kuna ufundi usiosifiwa inavyostahili: kumfundisha mtu udaktari huku mgonjwa yupo hapohapo kitandani, akisikia kila neno.

Mwalimu wa darasani ana ubao, na akikosea anafuta. Wa wodini ana mgonjwa anayekohoa, wanafunzi waliojazana kuzunguka kitanda, muuguzi anayesubiri kutoa dawa, na foleni ya kliniki inayomngoja. Katika dakika hizo chache inambidi amtibu mgonjwa, amtunzie heshima yake, na mwanafunzi aondoke na jambo ambalo asubuhi hakulijua.

Ugumu wa kazi hii umejificha. Daktari aliyebobea hugonga mgongo wa mgonjwa kwa kidole, akasikia mlio butu upande mmoja, na papo hapo akashuku maji kando ya pafu. Hana haja ya kufikiri hatua kwa hatua. Hapo ndipo mwanafunzi anapoachwa nyuma. Bingwa wa kutibu si lazima awe bingwa wa kufundisha, maana kufundisha kunamtaka aufumue mkeka alioumaliza zamani, aonyeshe ukili mmoja mmoja ulivyopita.

Mwaka 1998 daktari mpasuaji Rodney Peyton aliipanga kazi hiyo katika hatua nne. Kwanza mwalimu atende kimya, kwa kasi yake ya kawaida. Kisha atende tena akieleza. Mara ya tatu mikono ni ya mwalimu ila maneno ni ya mwanafunzi: huyu anaagiza, yule anatenda. Mwisho mwanafunzi atende mwenyewe huku akieleza. Uzuri wote umo katika hatua ya tatu, kwa sababu kosa hujitokeza likiwa bado maneno matupu, kabla halijamchoma mgonjwa.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kilianza kutumia mitaala ya umahiri. Swali kuu likawa: mwanafunzi anaweza kufanya nini? Wodini swali hilo lina uzito wake. Mtihani wa karatasi haumwoni mwanafunzi akimweleza mama kwamba mwanawe anahitaji kuongezewa damu. Lazima awepo wa kumtazama, kisha amwambie alichokiona bila kumvunja moyo wala kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kutazama huko nako hufundishwa. Bingwa mmoja akimsifu mwanafunzi na mwingine akamfelisha kwa kazi ileile, umahiri unageuka bahati nasibu. Ndiyo maana timu iliyojiandaa huketi kabla ya wanafunzi kufika: bingwa, daktari kijana anayefundisha zamu ya usiku, na muuguzi kiongozi. Wote humtazama mtu mmoja akimpima mgonjwa, kila mmoja akaandika alama zake, kisha wakabishana mpaka wakubaliane kipi kinatosha na kipi hakitoshi.

Mabishano hayo nayasifu kuliko yote. Yanamtaka mtu aliyeheshimika miaka mingi akubali jicho lake lipimwe mbele ya wenzake, hata na walio chini yake kwa cheo. Basi chuo kinachobadili mtaala kisinunue vitabu na kompyuta tu, halafu kiwaachie walimu wajijue wenyewe. Saa za kuketi hivyo ziingizwe kwenye ratiba, ndani ya muda wa kazi. Zisipokuwamo, kitakachobadilika ni jalada la mtaala, na mgonjwa ataendelea kutibiwa kwa mazoea yaleyale.