Neno "Kuyeyuka" katika Elimu ya Kwaki Nzito

Kwaki nzito ikishikana na kinyume chake, hutokea chembe moja. J/psi ni mojawapo; ilitangazwa Novemba 1974 na makundi mawili ya Marekani, la Samuel Ting huko Brookhaven na la Burton Richter huko Stanford. Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walibashiri kwamba viini vizito vya atomu vikigonganishwa kwa nguvu kubwa, J/psi zitapungua, kwa kuwa joto huzaa plazima ya kwaki na gluoni, na plazima hiyo hukinga mvutano baina ya kwaki mbili. Wanafizikia husema kwamba chembe hiyo "huyeyuka". Neno hilo ndilo nitakalo kulipima.

Kiingereza kina vitenzi viwili: kimoja cha barafu juani, cha pili cha chumvi majini. Wanafizikia walishika cha kwanza, nacho, kwa maoni yangu, hakifai. Barafu ya wavuvi wa Tanga ikiyeyuka, kila molekuli ya maji hubaki nzima. Chumvi sivyo. Sodiamu na klorini hushikana kwa chaji. Maji huingia kati, hudhoofisha mvutano, nazo huachana. Jambo la Matsui na Satz ni la namna hiyo, ila chaji yao ni ile iitwayo rangi (jina lisilohusu macho hata kidogo).

Kiswahili chatumia "kuyeyuka" kwa yote mawili. Mfasiri ana neno sahihi mkononi. Akiongeza "kama barafu" kwa kufuata Kiingereza, ampotosha mwanafunzi bure. Na aandike "kama chumvi".

Tena, katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanga, jua likikausha maji ya bahari, chumvi hurudi. Wala sodiamu haitafuti klorini yake ya zamani, bali hushika iliyo karibu. Jaribio la ALICE, huko CERN, limeona J/psi zikipungua kwa kiasi kidogo kuliko Brookhaven, ingawa nguvu ya mgongano ni kubwa zaidi: kwaki za chamu huwa nyingi hata huungana upya plazima ipoapo.

Mfano huu una mpaka. Upsilon, iliyogunduliwa Fermilab mwaka 1977, ina hali kadhaa, na jaribio la CMS lilionyesha mwaka 2012 kwamba zilizolegea hupungua zaidi kuliko iliyokazana. Hapo chumvi haitufai. Fundo la wavu lafaa zaidi. Kwa sababu hiyo napendelea "fungamano" kuliko "hali fungwa". Kilichofungwa kina mfungaji, na hapa kwaki mbili zafungana zenyewe, kama kiambishi -an- kisemavyo waziwazi.